Malaba au Mwanza: Uganda ikazie wapi mkataba wa reli?

Hajji mmoja wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ambaye namtolea mizigo forodhani tangu enzi za makaratasi, alinipigia simu wiki iliyopita. Nikadhani anaulizia kontena lake la vigae. Kumbe ana lingine kabisa. "Mwanangu," akasema, "hii reli ya Waturuki itatoka Kampala mpaka Malaba. Ikifika Malaba, itapokewa na nani?"

Sikuwa na jibu la simu. Swali lake halihusu zege wala mataruma, linahusu mkataba. Oktoba 2024 serikali yetu ilisaini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ijenge kilomita 272 za reli ya kisasa ya SGR kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, kwa yuro bilioni 2.7, katika muda wa miezi 48. Hizo ziko ndani ya Uganda, tunazijenga tukitaka. Lakini reli ya nchi isiyo na bahari haina maana mpaka iungane na ya jirani, na jirani hajengi kwa amri ya Kampala. Anajenga kwa makubaliano, na majirani zetu wenye bandari ni wawili.

Kwa hiyo nimekaa nikayapanga makubaliano na Kenya na yale na Tanzania ubavu kwa ubavu, kama ninavyompangia mteja bei za njia mbili kabla hajaagiza mzigo. Nitangulize jambo moja: mimi ni wakala wa Malaba. Riziki yangu inapita kwenye lango hilo, basi maneno yangu yapime ukijua hivyo.

Ramani inasema Mombasa

Njia ya kaskazini ni Mombasa, Nairobi, Naivasha, Malaba, Kampala. Kwa barabara ni kama kilomita 1,170. Njia ya kati inaanza Dar es Salaam, inapita Morogoro, Dodoma, Tabora na Isaka, inaingia Mwanza, kisha mzigo unapanda meli kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Reli ya Dar hadi Mwanza peke yake ni kilomita 1,219, na hapo hujagusa maji.

Mazoea nayo yako upande wa kaskazini. Katika mizigo inayopita Mombasa kwenda nchi jirani, zaidi ya nusu ni ya Uganda. Mawakala, maghala, madereva, hata mikopo ya wafanyabiashara wetu imejengeka kuifuata njia hiyo. Kama kilomita na mazoea vingetosha, ningemjibu Hajji palepale.

Kilichoandikwa, na kilichotokea baada ya wino kukauka

Na Kenya tuna karatasi nyingi. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini ulisainiwa mwaka 1985, ukaandikwa upya 2007, na sekretarieti yake iko Mombasa. Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza vikao vya miradi ya pamoja, na mwaka uliofuata ikapatikana itifaki ya reli ya SGR, Sudan Kusini nayo ikiwamo. Picha zake nazikumbuka, kila mtu anatabasamu.

Kenya ikajenga. Treni ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017, na kipande cha Naivasha kikafunguliwa Oktoba 2019. Hapo ikasimama. Uganda tayari ilikuwa imeipa kampuni ya Kichina, China Harbour, kazi ya Malaba–Kampala tangu 2015. Lakini mkopeshaji wa China alitaka kwanza uhakika kwamba reli ya Kenya itafika Malaba, maana nani atakopesha reli inayoishia kwenye nyasi za mpakani? Na mtu wa Nairobi angeweza kuuliza hivyohivyo kuhusu upande wetu. Tukabaki kama wageni wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, mpaka Januari 2023 Uganda ilipouvunja mkataba wa Wachina bila kutandika hata reli moja.

Tatizo halikuwa upungufu wa karatasi. Karatasi zilizokuwapo hazikumzuia mtu kusimama njiani, na aliyesimama hakulipa hata senti.

Na Tanzania tuna karatasi chache zaidi. Uganda ni mwanachama wa Wakala wa Ushoroba wa Kati, ulioundwa kwa mkataba wa 2006, makao yake Dar es Salaam. Mwaka 2018 njia ya Dar–Mwanza–Port Bell ilifufuliwa kwa reli ya zamani ya mita, yaani yenye upana wa mita moja, na meli ya kubeba mabehewa. Sherehe zake hazikuwa kubwa kama za itifaki ile ya SGR.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Tanzania inajenga SGR ya Mwanza kwa ajili ya Mwanza. Treni ya umeme ilianza safari za Dar–Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na vipande vya mbele kuelekea ziwani vinajengwa. Uganda isaini, isisaini, Mwanza ni mji mkubwa wa Tanzania na reli hiyo ina abiria na mizigo yake. Kipande cha Kisumu hadi Malaba, kinyume chake, bila Uganda ni hasara.

Ukilitazama hilo kwa jicho la mjumbe anayekwenda mezani, linakata kuwili. Kwa Tanzania hatuna wasiwasi kwamba reli haitafika, ila hatuna cha kuwabana nacho, kwa sababu hawatuhitaji ili waimalize. Kwa Kenya wasiwasi upo, lakini nguvu ya kubishana bei tunayo. Mzigo wetu ndio utakaolipa deni la kipande hicho, na wanaojadiliana nasi wanalijua hilo vizuri sana.

Pengo la Naivasha, na kile kinachofanyika stesheni ya Malaba

Kati ya Naivasha na Malaba, kupitia Kisumu, ni kama kilomita 370. Hadi leo kontena likifika Naivasha kwa SGR linahamishiwa kwenye behewa la reli ya mita, kwa kuwa SGR ina upana, au geji, wa milimita 1,435 na ile ya zamani milimita 1,000. La sivyo linapanda lori.

Nilisimama stesheni ya Malaba asubuhi moja nikimsubiri mtu, nikaona makabidhiano ya treni mwanzo mpaka mwisho. Injini ya Kenya ilifunguliwa, ikasogea mbele peke yake kama ng'ombe aliyefunguliwa nira. Fundi mmoja akawa anapita ubavuni na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Lililo zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya sufuria. Nyuma yake karani ana orodha, anasoma namba ya behewa, namba ya kontena, namba ya lakiri. Lakiri moja herufi yake ya mwisho ilikuwa imefutika. Wakaisimamia watu wanne, mmoja akaimulika na tochi ya simu, wakabishana kama ni B au 8. Nilimaliza rolex yangu, chapati ya mayai, nikanunua chai, nikamaliza chai, wakawa bado wako kwenye B na 8. Kisha injini ya Uganda ikaja kinyumenyume, mipira ya breki ikaunganishwa, hewa ikajazwa, wakapima tena.

Nani anaruhusiwa kugonga magurudumu, lakiri ya nani inatambulika, behewa la jirani likilala kwako siku tano unalilipia shilingi ngapi, likiharibika nani analitengeneza: hakuna hata moja kati ya hayo linalojiamulia lenyewe. Lazima mtu aliandike. Na kwa kawaida haliandikwi kwenye ule ukurasa wa mbele wanaosaini waheshimiwa. Linaandikwa kwenye viambatisho ambavyo hakuna mwandishi wa habari anayevifungua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, shirika moja la reli likawa matatu, na mambo ambayo yalikuwa ya ofisi moja yakageuka ya serikali na serikali. Mwaka 2006 Kenya na Uganda zikajaribu kuyarudisha chini ya paa moja kwa kuikodisha reli ya mita kwa kampuni moja kwa miaka 25. Mwaka 2017 Kenya ikajitoa, na sisi tukafuata.

Sasa njoo kwenye SGR. Reli ya Kenya iliyopo inaendeshwa kwa dizeli na imejengwa kwa viwango vya Kichina. Yetu imepangwa kuwa ya umeme. Ya Tanzania ni ya umeme pia, na sehemu yake kubwa imejengwa na Yapı Merkezi haohao. Yaani reli yetu itakuwa pacha wa reli ambayo haigusani nayo, na mgeni kwa ile inayogusana nayo. Sijui kama Kampala kuna aliyecheka alipoliona hilo.

Si kwamba haiwezekani. Upana ni ule ule, behewa litapita. Lakini injini ya umeme haitavuka kwenda pasipo na nyaya, na mfumo wa ishara wa upande mmoja hauzungumzi na wa upande wa pili bila kuwekewa kifaa. Wasipoafikiana mapema, Malaba ya SGR itakuwa na makabidhiano yaleyale niliyoyaona, ila kwenye stesheni ya vioo.

Ziwa halina geji

Watu wa njia ya kati hupenda kusema ziwa ni barabara ya bure. Si ya bure. Nenda Port Bell meli ya mabehewa inapopakia utaona. Sitaha yake ina reli, na daraja la gatini linainuliwa au kushushwa mpaka reli za nchi kavu na za melini zilingane. Halafu injini inasukuma mabehewa machache upande wa kushoto, inarudi, inasukuma upande wa kulia, inarudi tena. Ukipakia upande mmoja wote kwa pupa, meli inalala ubavu. Kazi hii haina haraka, na meli yenyewe haibebi hata mabehewa 25. Treni moja ndefu ya SGR ingehitaji safari kadhaa.

Mwaka 2005 meli zetu mbili za mabehewa, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka magati na fukwe nyingi zikafunikwa. Gugu maji nalo lina misimu yake. Na kumbuka meli za sasa zina reli ya mita sitahani. Mwanza ikipata SGR, ama zijengwe meli mpya, ama makontena yashushwe Mwanza na kupandishwa upya. Pengo la Naivasha ninalolilalamikia liko huku pia, limevaa koti la mvua tu.

Hata hivyo kwa mwandishi wa mikataba ziwa lina baraka yake. Halihitaji kulipa fidia ya ardhi, halina kijiji cha kuhamisha, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya usafiri wa Ziwa Victoria tangu 2007. Makubaliano ya meli na gati yanaweza kuwa mafupi. Kinachotakiwa ni fedha za meli.

Mkikosana, mnakwenda wapi?

Hapa ndipo ningemshauri kila mtu atazame kwanza, hata kabla ya bei.

Sheria ya kimataifa ya bahari ya 1982, ambayo Uganda imeiridhia, inazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini, na inakataza kuutoza mzigo wa kupita ushuru wa forodha, isipokuwa malipo ya huduma zilizotolewa. Maneno mazuri. Lakini sheria hiyohiyo inasema namna ya kuitumia haki hiyo ipangwe kwa makubaliano ya nchi zinazohusika. Tunarudi mezani palepale.

Mwishoni mwa Desemba 2023 Uganda iliishitaki Kenya kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa sababu shirika letu la mafuta lilinyimwa leseni ya kuagiza mafuta kupitia Kenya. Shauri hilo halikumalizwa na hukumu. Wakubwa walizungumza, leseni ikatoka 2024, mafuta yakaanza kuja Julai. Funzo nililolipata ni kwamba mahakama ya Arusha inafaa kumwamsha jirani, na mazungumzo ndiyo yanayomaliza kazi. Tanzania nayo iko chini ya mahakama hiyohiyo, kwa hiyo hapo njia zinalingana.

Zisipolingana ni kwenye mikopo iliyo nyuma ya reli. Sehemu za mkataba wa mkopo wa SGR ya Kenya zilipotolewa hadharani Novemba 2022, watu waliona kwamba migogoro yake inaamuliwa Beijing, na kwamba bandari ilikuwa imeahidi kuipa reli kiasi fulani cha mizigo. Ndipo ukaelewa kwa nini 2020 iliamriwa mizigo ya Uganda ipande treni hadi Naivasha, mwenye mali akitaka asitake. Amri za aina hiyo ziliondolewa 2022 serikali ilipobadilika, na iliyoondolewa kwa tamko inaweza kurudi kwa tamko. Mimi ningetaka kifungu kimoja kiandikwe waziwazi: mwenye mzigo ndiye anayechagua treni au lori, na deni la jirani kwa mkopeshaji wake halitalazimisha njia ya mzigo wetu.

Kuridhia nitakupitisha haraka. Kenya ina sheria ya 2012 inayoupeleka mkataba bungeni. Tanzania, Katiba yake ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuridhia. Kwetu, kwa sheria ya 1998, mikataba mingi huridhiwa na Baraza la Mawaziri, Bunge likipelekewa nakala tu, ingawa mikopo lazima lipitishe. Maana yake sisi tunaweza kuwa wa kwanza kuridhia, tukakaa tukiwasubiri wenzetu wawili ambao wabunge wao wanauliza maswali. Sioni aibu katika kuuliza maswali.

Jirani akiugua

Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilipoanza, vijana waling'oa reli Kibera, na Kampala ikakauka mafuta. Januari 2022 madereva waligoma hapa Malaba kwa ajili ya vipimo vya korona, foleni ikaenda mbali ndani ya Kenya, na lita ya petroli ikapaa kwetu. Wa Dar wasijione malaika: uchaguzi wa Oktoba 2025 uliacha mji na amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa siku kadhaa. Wakala bila intaneti ni mtu tu aliyevaa beji.

Ndiyo maana anayesema tuchague moja tuiache nyingine simwelewi. Swali ni ipi tuifunge kwanza kwa mkataba mgumu, na ipi tuiweke hai kwa mkataba mwepesi.

Ningesaini hivi

Malaba kwanza. Reli yetu inaelekea huko, tumeshaweka saini ya yuro bilioni 2.7, na kugeuza shingo sasa ni kutafuta kuvunjika. Lakini si kwa itifaki ya kutabasamu. Tuna mifano miwili karibu.

Wa kwanza ni bomba letu la mafuta. Agosti 2015 Uganda na Kenya zilikubaliana njia ya kaskazini kwa masharti ya usalama, fedha na bei. Masharti hayakutimia kwa namna iliyoturidhisha, na Aprili 2016 tukatangaza njia ya Tanga. Mei 2017 makubaliano ya serikali mbili na Tanzania yakasainiwa, na ada ya kusafirisha pipa moja, dola 12.77, ilijulikana mapema. Kabla ya udongo kuchimbwa, bei ilikuwa kwenye karatasi. Reli ya Malaba inataka vivyo hivyo: tani moja kutoka Mombasa hadi mpakani ni kiasi gani, na nani anaruhusiwa kukipandisha.

Wa pili ni Tanzania na Burundi. Januari 2025 walisaini mkataba wa ujenzi wa Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, dola bilioni 2.15, mkataba mmoja unaovuka mpaka. Mkandarasi hawezi kufika mpakani akasema sehemu yangu imeisha. Sisi na Kenya tumeshachelewa kufanya hivyo, wakandarasi ni tofauti. Lakini tunaweza kuzifunga tarehe pamoja: kila hatua ya Kenya kutoka Naivasha na kila hatua yetu kutoka Tororo ziandikwe kwenye jedwali moja, na atakayechelewa alipe gharama ya mabehewa ya mwenzake yanayolala.

Mwanza iwe mkataba wa meli: vipimo vya meli mpya, gati la Port Bell, ratiba, nauli. Saruji, mbolea, nafaka, vitu visivyo na haraka, vianze kupita huko sasa hivi kwa reli ya mita, ili Nairobi waione njia hiyo ikitumika wanapokaa nasi mezani.

Nilimsomea Hajji haya yote kwenye simu, polepole. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa," akasema. "Na vigae vyangu viko wapi?"

Nikamwambia viko Naivasha, vinasubiri behewa.